Maswali Manne Kabla ya Kulala Horombo

Ni jioni katika kituo cha Horombo, njia ya Marangu, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mpandaji mmoja amekaa mbele ya supu iliyokwisha kupoa. Anasema amechoka tu, lakini kila akiinama kufunga kamba za kiatu hujishika paji la uso. Mwongozaji mzoefu wa Kilimanjaro hamwulizi hali, maana jibu analijua: "Safi tu." Humwuliza mambo manne, moja baada ya jingine, na kuandika namba.

Hicho ndicho kipimo cha Lake Louise, kilichopewa jina la mahali huko Kanada ambako wataalamu walikutana mwaka 1991. Kinauliza juu ya kichwa kuuma, tumbo (hamu ya kula, kichefuchefu, kutapika), uchovu na kizunguzungu. Kila dalili hupewa alama 0 hadi 3. Zamani usingizi nao ulihesabiwa. Ukaondolewa mwaka 2018, kwa sababu huko juu hata mtu mzima wa afya hulala kwa mang'amung'amu. Alama zichukuliwe angalau saa sita baada ya kupanda, ili maumivu ya safari yasichanganywe na ugonjwa.

Mpandaji wetu ana 2 za kichwa, 1 ya supu iliyomshinda na 1 ya uchovu. Jumla ni 4. Kuanzia 3, ikiwa kichwa nacho kinauma, huo ni ugonjwa wa mwinuko: 3 hadi 5 ni mwepesi, 6 hadi 9 wa wastani, 10 hadi 12 mkali. Kwa alama 4 atalala hapo hapo, na hatapanda kwenda Kibo, kituo kinachofuata, mpaka dalili ziishe. Zikizidi, atashuka.

Chanzo ni hewa. Kileleni Uhuru, mita 5,895, kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Mwili huzoea, ila kwa siku kadhaa. Wataalamu hushauri kwamba juu ya mita 3,000 mtu asipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Kutoka Horombo hadi Kibo ni mita 1,000! Ndiyo maana siku ya ziada ya kukaa Horombo si anasa, na anayeifuta ili kupunguza gharama anafanya kosa kubwa.

Nguvu za misuli hazimkingi mtu. Wala kuzaliwa Moshi hakumkingi. Mpagazi aliyebeba mzigo kutwa nzima anastahili kuulizwa maswali yale yale manne, na kujibu bila kuhofia kibarua chake.

Kipimo hiki kina mipaka. Kile kifaa cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni ya damu, husaidia, lakini hakihesabiwi katika alama. Tena maji yanaweza kujaa mapafuni bila kichwa kuuma hata kidogo: mtu anahema akiwa ameketi, anakohoa, pengine makohozi yana povu la rangi ya waridi. Ubongo ukivimba, mtu huongea ovyo na kuyumba kama mlevi. Mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, hakuna kusubiri mapambazuko. Ashushwe usiku huo huo, akisindikizwa au kwa machela. Oksijeni na dawa humpa nafuu njiani, lakini zisimcheleweshe kushuka.

Kabla ya kulipia safari, uliza siku ni ngapi, nani huandika alama asubuhi na jioni, na nani atashuka na mgonjwa. Ukifika juu, taja maumivu yako kama yalivyo. Wengi hupata nafuu wakishuka mita 300 hadi 1,000.