Kuunda Ilimba Darasani: Somo la Sauti kwa Darasa la Tano

Mwalimu atakayepangiwa shule ya Chamwino, Bahi au Mpwapwa atawakuta watoto ambao wengi wao wameyafundisha masikio yao nyumbani, kwa nyimbo na kwa ilimba, yaani marimba ya Wagogo ipigwayo kwa vidole gumba. Ndicho chombo kilichompa sifa katika nchi nyingi marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi ya kukiunda pamoja na wanafunzi, na jinsi ya kukilinganisha sauti bila kukiharibu.

Vifaa si vya gharama. Yatakiwa sanduku la mbao kavu lenye tundu dogo usoni, misumari ya inchi 6 au vyuma vya mwavuli mbovu, vijiti vitatu vya mti mgumu, na waya. Misumari hupondwa kwa nyundo juu ya jiwe au reli mpaka iwe bapa. Hizo ndizo ndimi. Kazi ya kuponda ifanywe na mwalimu, na ncha zipigwe tupa kabla ya mtoto kuzigusa. Vijiti viwili hulazwa chini ya ndimi, na cha tatu hukaa juu yake katikati ya hivyo viwili, kikakazwa kwa waya uliopita ndani ya mbao. Waya ukilegea ulimi hunyamaza. Ukikaza mno hausogei, nasi tunataka usogee.

Hapo ndipo somo lenyewe linapoanza. Waulize wanafunzi: ulimi wa sentimita 10 ufupishwe kiasi gani ili sauti yake ipande oktavu moja, yaani mitetemo iwe maradufu? Wengi watajibu sentimita 5, kwa kuwa wameona uzi wa zeze ukifanya hivyo. Waache wajaribu. Ulimi wa sentimita 5 hutoa mitetemo mara nne, si mara mbili. Oktavu hupatikana kwenye sentimita 7 hivi. Uzi uliokazwa na chuma kilichoshikwa upande mmoja havifuati kanuni moja, na mtoto aliyelisikia jambo hilo kwa sikio lake hahitaji kulikariri.

Sasa tufike kwenye kulinganisha. Chuoni tumezoea do-re-mi, na mwalimu mgeni huvutwa kuzisahihisha ndimi kwa kinanda. Asifanye hivyo. Wataalamu waliochunguza uimbaji wa Wagogo, miongoni mwao Gerhard Kubik, wameeleza kuwa sauti zake hutokana na mfululizo wa asili wa mitetemo. Sauti tano huweza kufuatana kwa uwiano wa 6, 7, 8, 9 na 10. Ulimi wa kwanza ukitetema mara 300 kwa sekunde, zinazofuata ni 350, 400, 450 na 500, kisha 600 ni oktavu ya ule wa kwanza. (Mwalimu wa hesabu asiiache nafasi hii ipite.) Hatua ya kutoka 300 hadi 350 haimo katika kinanda: ukianzia kibao chochote, huangukia kati ya vibao viwili. Ukiisogeza ifuate kinanda, umemwambia mtoto kwamba wimbo wa bibi yake una kasoro.

Kwa hiyo mwalikeni mzee wa kijiji aijuaye ilimba. Watoto wamwamkie Mbukwenyi, wamkalishe, kisha yeye asogeze ndimi mpaka aridhike. Mwalimu apime urefu wa kila ulimi na kuuandika ubaoni, bila kuingilia. Mzee mwingine akija, huenda vipimo vikatofautiana kidogo. Viandikwe pia, kando ya vile vya kwanza.

Mwisho, tundu la sanduku lizibwe kwa utando mweupe wa buibui, ule mgumu kama karatasi upatikanao ukutani. Huo ndio uipao ilimba mvumo wake. Chombo kitunzwe mbali na unyevu, na utando ukipasuka watoto watatafuta mwingine. Kwa kawaida hawachelewi.