Mwenzako akinyolewa, zako tia maji: Serikali inapofunga midomo ya watu

Mwezi Machi 2017 polisi walimkamata msanii Nay wa Mitego mkoani Morogoro kwa sababu ya wimbo. Wimbo huo, ‘Wapo’, ulikuwa ukiwahoji wenye madaraka. Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) lilitangaza kuwa haufai na usipigwe. Siku iliyofuata mambo yakageuka. Waziri wa Habari na Sanaa wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, alitangaza kuwa Rais John Magufuli ameusikia wimbo huo, ameupenda, na ameagiza msanii aachiwe na wimbo uendelee kupigwa. Akaachiwa.

Watu wengi walifurahi, wakasema Rais ana moyo mpana. Lakini mwenye kutafakari atajiuliza: kosa lilikwenda wapi? Jana wimbo ulikuwa kosa la kumlaza mtu mahabusu, leo si kosa tena, na sheria haikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni hisia za mtu mmoja. Je, kama Rais asingeupenda?

Hili ndilo somo letu la leo. Tunataka kuangalia jambo la serikali kuzuia kauli na sanaa za watu, na kwa nini Muislamu hawezi kulitazama kama mambo ya wanamuziki yasiyomhusu.

Kelele za shangwe

Tuseme ukweli. Mwaka 2018, mamlaka zilipozifungia nyimbo kadhaa za Bongo Fleva zisipigwe redioni na kwenye televisheni, Waislamu wengi tulishangilia. Tulisema afadhali, nyimbo hizi zinaharibu watoto wetu. Kwa hakika zipo nyimbo ambazo mzazi hawezi kukaa na binti yake akazisikiliza, na mwenye kuchukia machafu halaumiwi.

Lakini Waswahili walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Swali halikuwa kama wimbo ule ni mzuri au mbaya. Swali lilikuwa: mkono huu uliopewa uwezo wa kufungia wimbo bila kuulizwa na hakimu, kesho utafungia nini?

Jibu hatuna haja ya kulitafuta mbali. Baada ya mauaji ya Mwembechai ya Februari 1998, Dk. Hamza Njozi aliandika kitabu kueleza yaliyotokea na kuhoji mustakabali wa siasa za nchi hii. Kilitoka mwaka 2000. Hakikuwa na wimbo, wala ngoma, wala picha chafu. Kilikuwa na hoja. Kama hoja zile zilikuwa dhaifu, nchi ilikuwa na wasomi wa kutosha kuzivunja. Badala ya hoja kujibiwa kwa hoja, kitabu kikapigwa marufuku. Uwezo ule ule ambao baadaye tuliupigia makofi ulikuwa umekwishatufika.

Na mwaka 2018 zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka mwenye blogu, redio au televisheni ya mtandaoni apate leseni kwa gharama zilizofikia shilingi milioni 2.1 wakati ule, kanuni hizo hazikutofautisha anayerusha muziki na anayerusha mawaidha. Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipokatwa nchini kwa siku kadhaa, aliyekuwa akifuatilia darsa na aliyekuwa akifuatilia muziki walikaa kimya pamoja.

Mtihani wa Baghdad

Baadhi yetu hudhani kuwa kufunga midomo ni tabia ya watawala wasiokuwa Waislamu au watawala wajinga. Historia yetu wenyewe inakataa.

Khalifa al-Ma'mun wa Bani Abbas alikuwa mtu msomi. Katika zama zake Baghdad ilikuwa kitovu cha elimu, vitabu vya Kigiriki vikitafsiriwa kwa Kiarabu na wanazuoni wakijadiliana mbele yake. Mtu huyo huyo, mwaka 833 Miladia, sawa na 218 Hijria, aliandika barua kwa mwakilishi wake wa Baghdad akimwamuru awatahini makadhi na wanazuoni: je, wanakubali kwamba Qur'an imeumbwa? Asiyekubali asiwe kadhi, ushahidi wake usipokelewe. Jambo hili likajulikana kwa jina la Mihna, yaani mtihani.

Wengi walikubali kwa midomo yao ili wasalimike. Imam Ahmad bin Hanbal na Muhammad bin Nuh walikataa, wakafungwa minyororo na kupelekwa kwa Khalifa. Al-Ma'mun alifariki kabla hawajamfikia, na Muhammad bin Nuh akafariki katika safari ya kurudishwa. Imam Ahmad akatiwa gerezani Baghdad, na chini ya Khalifa al-Mu'tasim akachapwa mijeledi. Mbele ya Khalifa na wanazuoni wake alikuwa na ombi moja tu: mnipe dalili kutoka katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu au Sunna ya Mtume wake, nami nitasema mnavyosema. Dalili hakupewa. Alipewa fimbo.

Ndugu msomaji, zingatia mambo mawili hapa. La kwanza, elimu ya mtawala haikumzuia kudhulumu. Al-Ma'mun aliona kuwa yeye anajua haki, na kwa hiyo ana ruhusa ya kuitia katika vinywa vya watu kwa nguvu. Kila anayefunga mdomo wa mwenzake hujiona analinda jambo jema: maadili, umoja, amani, hata dini. La pili ni mwisho wake. Takriban miaka 15 baadaye, katika utawala wa al-Mutawakkil, Mihna ilifutwa. Leo Musnad ya Imam Ahmad inasomwa dunia nzima, na madhehebu yake yanafuatwa. Wangapi kati yetu wanaweza kutaja jina la mmoja wa waliomtahini?

Mshairi wa Mombasa

Tusogee karibu na kwetu. Mwaka 1968 kijana mmoja wa Kiislamu wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka ulioitwa ‘Kenya: Twendapi?’. Alikuwa na umri wa miaka 22. Katika waraka huo alikilaumu chama tawala cha KANU kwa namna kilivyokuwa kikikandamiza upinzani wa KPU, chama cha Jaramogi Oginga Odinga. Swali lake lilikuwa katika kichwa cha waraka wenyewe: tunakwenda wapi?

Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ingeweza kumjibu kuwa tunakwenda pahala fulani, kwa njia fulani. Badala yake ikamshitaki kwa uchochezi. Mwaka 1969 alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Upande wa serikali ukaona haitoshi, ukakata rufaa, na adhabu ikawa miaka mitatu. Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, KPU ikapigwa marufuku na viongozi wake kutiwa kizuizini. Kwa hiyo swali la yule kijana lilipata jibu, ingawa si kwa maneno.

Gerezani Abdilatif aliwekwa peke yake. Hakuruhusiwa kuandika. Akawa anaandika mashairi kwa siri katika karatasi za chooni. Alitoka mwaka 1972 na kuja Tanzania, akafanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mashairi yale yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la ‘Sauti ya Dhiki’, na mwaka 1974 yakapewa tuzo ya fasihi ya Kenya. Tuzo hiyo ilikuwa ikiitwa Tuzo ya Jomo Kenyatta.

Yaani mtu alifungwa na serikali ya Kenyatta kwa kalamu yake, na kalamu hiyo hiyo ikapata zawadi yenye jina la Kenyatta. Waraka aliofungiwa haukuzidi kurasa chache, na pengine ungesomwa na watu wachache wa Mombasa kisha ukasahaulika. Kifungo ndicho kilichoufanya ukumbukwe hadi leo.

Qur'an inasemaje?

Katika Suratu Ghaafir, aya ya 28 na 29, tunasimuliwa mtu mmoja wa watu wa Firauni aliyekuwa akificha imani yake. Firauni alipotaka kumuua Nabii Musa (A.S.), mtu huyu alisimama akahoji: mnamuua mtu kwa kuwa amesema Mola wake ni Mwenyezi Mungu? Ikiwa ni muongo, uongo wake utamrudia mwenyewe. Na ikiwa ni mkweli, je, yatakayowafika? Hoja hii ni nzito. Firauni hakuijibu. Alichosema ni kuwa yeye hawaonyeshi watu isipokuwa lile analoliona yeye, na kwamba anawaongoza katika njia iliyo sawa. Hiyo ndiyo kauli ya kila mwenye kuzuia maneno ya watu: mtaona ninachokiona mimi.

Zingatia pia kuwa Qur'an haikuficha maneno ya wapinzani wake. Makuraishi walisema Mtume (S.A.W.) ni mshairi, ni mchawi, ni mwendawazimu, na kwamba haya ni visa vya watu wa kale. Maneno yote hayo yamo ndani ya Qur'an, tunayasoma katika Swala, na yamejibiwa. Mwenyezi Mungu, mwenye uwezo juu ya kila kitu, aliyaweka na akayajibu. Na mara kwa mara anawataka wapinzani walete ushahidi wao kama wanasema kweli, kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 111.

Ama ushairi, mwisho wa Suratu Shu'araa umewalaumu washairi wanaopotosha, kisha ukawavua katika lawama hiyo wale walioamini, wakatenda mema, na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Mtume (S.A.W.) alimwekea Hassan bin Thabit mimbari msikitini ili awajibu washairi wa Makuraishi. Shairi lilijibiwa kwa shairi.

Je, hakuna mipaka?

Hapa msomaji atauliza: basi kila mtu aseme atakalo? Watu wamtukane Mtume (S.A.W.) nasi tunyamaze? Mwaka 2005 gazeti moja la Denmark lilipochapisha vibonzo 12 vya kumdhihaki, Waislamu duniani kote waliumia, na walikuwa na haki ya kuumia.

Jibu ni kuwa Uislamu una mipaka, na mipaka hiyo ni mikali. Suratul Hujuraat imekataza dhihaka, majina mabaya na kusengenya, na imetuamuru tuchunguze habari kabla ya kuifanyia kazi. Suratun Nuur imeweka adhabu kwa anayemsingizia mwanamke mwema uzinifu. Lakini angalia adhabu hiyo imewekwaje. Kosa limetajwa wazi kabla halijatendwa. Ushahidi unaotakiwa umetajwa. Anayehukumu ni kadhi, tena kwa mkubwa na mdogo sawasawa. Mwenye kukasirishwa hakupewa ruhusa ya kuwa mshitaki, hakimu na askari jela kwa wakati mmoja.

Sasa linganisha na tuliyoyaona. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo wa kufungia gazeti kwa uamuzi wake. MwanaHalisi lilifungiwa miezi mitatu mwaka 2008, kisha kwa muda usiojulikana mwaka 2012. Mwaka 2013 Mwananchi likafungiwa siku 14 na Mtanzania siku 90. Ilipokuja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, vifungu vyake kadhaa vilionekana na Mahakama ya Afrika Mashariki, Machi 2019, kuwa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Februari 2022 serikali ya awamu ya sita ikarudisha leseni za MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Tunashukuru kwa hilo. Lakini ni kisa kile kile cha ‘Wapo’: yamefungiwa kwa kalamu ya mkubwa, yamefunguliwa kwa kalamu ya mkubwa. Na Oktoba 2024 kampuni ya Mwananchi ilisimamishiwa leseni zake za mtandaoni kwa siku 30 kwa ajili ya katuni iliyogusa habari za watu waliopotea. Haki inayotolewa kama zawadi hunyang'anywa vile vile.

Tufanye nini?

Kwanza, tuache kupima jambo hili kwa kumpenda au kumchukia aliyefungwa mdomo. Suratun Nisaa aya ya 135 inatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu, na Suratul Maida aya ya 8 inatukataza chuki ya watu isitufanye tukaacha uadilifu. Msanii tusiyempenda ana haki ya kuambiwa kosa lake ni lipi, katika sheria ipi, na mbele ya hakimu gani.

Pili, machafu tuyapinge kwa njia zetu. Tuwalee watoto, tusinunue, tusialike kwenye harusi zetu wale tunaosema wanaharibu maadili. Wangapi kati yetu wanalaani nyimbo hizo siku ya Ijumaa na kuzikodia spika siku ya Jumamosi? Mzazi aliyeshindwa kazi yake asimwachie waziri aifanye, kwani waziri ataifanya kwa faida yake.

Tatu, tuandike. Dua na malalamiko ya barazani hayajibu kitabu wala gazeti. Tunayo kasida, tunao utenzi, tunao washairi tangu enzi za Pwani ya kale. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa katika jihadi bora ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Neno hilo haliwezi kusemwa na umma uliokwishakubali kuwa maneno yaombewe kibali.

Kabla ya kupiga makofi pale mwingine atakapozibwa mdomo, kila mmoja wetu apapase kichwa chake. Wembe ni ule ule.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosema haki na wanaovumilia kuisikia. Amin.