Aliyeokolewa Mlimani, Gharama Alipe Nani?

Kila msimu wa kupanda Mlima Kilimanjaro, wapo wanaoteremshwa kwa machela. Baadhi ni wageni waliotoka mbali, na baadhi ni Watanzania waliopanda pamoja na wenzao kuadhimisha Desemba 9, Siku ya Uhuru. Habari hizo zikitangazwa, watu huuliza: mtu aliyekwenda kwenye hatari kwa hiari yake, kwa nini wengine wabebe gharama za kumtoa huko? Yafuatayo ni majibu ya maswali yanayoulizwa mara nyingi.

Uokoaji wa mlimani unahusisha nini?

Unahusisha watu wengi kuliko inavyodhaniwa. Mgonjwa aliyezidiwa kwenye kambi ya Kibo, mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, au ya Barafu, hawezi kutembea. Askari wa hifadhi, waongozaji na wapagazi humfunga kwenye machela, mara nyingi yenye gurudumu moja, wakamshusha kwa kupokezana hadi mahali gari linapoweza kufika. Hali ya hewa ikiruhusu, helikopta huitwa.

Sababu kubwa ni ugonjwa wa mwinuko. Hewa inapokuwa nyepesi, mapafu ya mtu yanaweza kujaa maji au ubongo wake ukavimba. Tiba ya kwanza ni kumteremsha mara moja, kwa sababu kuchelewa saa chache tu kunaweza kumuua. Ugonjwa huu humpata hata kijana mwenye mazoezi aliyefuata kila kanuni. Kwa hiyo kuokolewa pekee si ushahidi wa uzembe.

Kilimanjaro nani hulipa?

Wapandaji wenyewe, na hulipa kabla ya kupanda. Ada za hifadhi zinazotozwa na shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, zina kipengele cha uokoaji: mgeni hulipa dola 20 za Marekani kwa safari nzima, bila kuhesabu kodi, na raia hulipa kiasi kidogo zaidi kwa shilingi. Mpango huu hauna tofauti na chama cha kufa na kuzikana. Kila mmoja hutoa kidogo bila kujua nani atapatwa kwanza, na anayepatwa hasimangwi.

Ada hiyo inahusu kikosi cha hifadhi kinachomshusha mgonjwa. Helikopta ni ya kampuni binafsi, na gharama yake hulipwa na bima ya msafiri au na msafiri mwenyewe. Matibabu ya hospitali, iwe KCMC mjini Moshi au kwingine, nayo ni juu yake.

Nchi nyingine hufanyaje?

Kila nchi ina njia yake. Nchini Ufaransa, uokoaji wa milimani unaofanywa na kikosi cha askari wa jandamaria ni bure, lakini anayeumia ndani ya viwanja vya kuteleza kwenye theluji huweza kudaiwa. Nchini Uswisi, gharama hubebwa na bima au na mhusika, na wananchi wengi huchangia kila mwaka shirika la uokoaji wa anga la Rega, lililoanzishwa mwaka 1952. Uingereza hutegemea vikosi vya watu wa kujitolea ambavyo havimdai anayeokolewa.

Nchini Marekani, jimbo la New Hampshire lina sheria inayoruhusu kumdai mtu aliyehitaji kuokolewa kwa sababu ya uzembe wake. Tangu mwaka 2015 jimbo hilo huuza kadi ya hiari kwa dola 25 kwa mtu mmoja au 35 kwa familia. Mwenye kadi hadaiwi kwa uzembe wa kawaida, ila aliyehatarisha maisha makusudi bado anaweza kudaiwa.

Na baharini?

Mkataba wa Kimataifa wa Utafutaji na Uokoaji Baharini, uliopitishwa Hamburg mwaka 1979, unataka kila aliye hatarini asaidiwe bila kujali uraia wake, hadhi yake wala mazingira aliyokutwa nayo. Ukanda wetu una kituo cha kuratibu kazi hiyo mjini Mombasa. Mkataba mwingine, wa mwaka 1989, unatenganisha mali na uhai: anayeokoa meli au shehena anastahili malipo, lakini aliyeokolewa roho yake hadaiwi malipo kwa kuokolewa huko.

Mwaka 1997, baharia Mwingereza Tony Bullimore alipinduka na mashua yake katika bahari ya kusini akiwa kwenye mashindano ya kuizunguka dunia. Jeshi la Wanamaji la Australia lilisafiri siku kadhaa kumfuata, likamkuta hai ndani ya mashua iliyogeuka juu chini. Baadhi ya walipakodi walinung'unika, lakini Australia haikumdai.

Kuwadai waliookolewa hakutapunguza uzembe?

Hoja hii ina uzito, kwa kuwa fedha za umma zina kazi nyingi na watu wanapaswa kujiandaa. Lakini mashirika ya uokoaji wa milimani nchini Marekani, yanayoifahamu kazi hii kwa vitendo, yamepinga utozaji huo kwa miaka mingi. Sababu yao ni kwamba anayeogopa deni huchelewa kuomba msaada. Anajikongoja, anasubiri, anatumaini hali itabadilika, na simu inapopigwa giza limeshaingia. Mgonjwa wa kushushwa mchana kwa saa tatu anageuka mgonjwa mahututi wa kutafutwa usiku kwenye baridi, na maisha ya waokoaji nayo yanaingia hatarini.

Je, mzembe wa kupindukia naye asidaiwe?

Anaweza kudaiwa, kwa masharti. Aliyekwepa lango la hifadhi, au aliyeonywa wazi asiendelee akakaidi, hapaswi kuwatwisha wengine gharama zote. Lakini uamuzi huo ufanyike baada ya mtu kuwa salama, na ufanywe na chombo kisichohusika na uokoaji, kwa sheria inayojulikana mapema na yenye nafasi ya kukata rufaa. Mwokoaji asiwe hakimu. Kule juu swali lake ni moja tu: mgonjwa yuko wapi na anafikiwaje?

Bima inamaliza kila kitu?

Hapana. Bima nyingi za safari zina kikomo cha mwinuko, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Bima inayoishia mita 4,000 haimsaidii aliyekwama Barafu. Pia, panapokuwa na fedha nyingi za bima, udanganyifu unaweza kuota mizizi. Nchini Nepal, uchunguzi wa serikali wa mwaka 2018 ulibaini kuwa baadhi ya waendesha safari, kampuni za helikopta na hospitali walishirikiana kuwasafirisha wapandaji wasiohitaji kusafirishwa, kisha wakazitoza kampuni za bima. Kwa hiyo usimamizi wa karibu ni sehemu ya uokoaji.

Waokoaji wenyewe wanastahili nini?

Wanastahili kuwekwa mbele katika mjadala huu. Mpagazi anayeacha mzigo akashika machela anahatarisha mgongo, mapafu na riziki ya familia yake. Fedha za uokoaji zinapaswa kumfikia kwa njia ya ujira wa haki kwa kazi hiyo, nguo za baridi, mafunzo ya huduma ya kwanza na bima ya ajali. Tukibishana tu kuhusu deni la aliyeokolewa, tunamsahau aliyembeba.

Nifanye nini kabla ya kupanda?

- Chagua safari yenye siku za kutosha mwili uzoee mwinuko. Siku unazopunguza ili kuokoa fedha ndizo huongeza hatari.
- Soma bima yako: inafika mita ngapi, inalipia helikopta, na nani hutoa idhini?
- Muulize mwendeshaji safari kama ana oksijeni, na nani ataamua uteremshwe.
- Mweleze mwongozaji ukweli kuhusu afya yako na dawa unazotumia.
- Kichwa kikiuma sana, ukitapika, ukiyumba au ukikosa pumzi hata ukiwa umekaa, sema mara moja.

Basi jibu ni lipi?

Uokoaji usitegemee mfuko wa anayeokolewa. Gharama zilipwe mapema na wote wanaopanda, kwa ada ndogo na bima inayofika hadi kileleni, na deni libaki kwa wachache waliokaidi makusudi. Utaratibu huu unamtendea haki mlipakodi na unamlinda mwokoaji. Mgonjwa naye anapata ujasiri wa kuomba msaada mapema, angali anaweza kuokolewa.