Vitabu vya Historia ya Pwani Kusini: Jinsi ya Kuvipata Bure au kwa Bei Nafuu kwenye Simu

Mwanafunzi wa Funzi anayetaka kitabu cha historia ana safari mbele yake. Kwanza ni mashua hadi Bodo, kisha pikipiki hadi barabara kuu, halafu matatu hadi Ukunda au Mombasa. Akifika dukani, anaweza kukuta rafu zimejaa vitabu vya shule pekee. Wakati huo huo, mengi yaliyoandikwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita kuhusu Vumba, Wasini, Gazi na Wadigo yako kwenye intaneti, na hayalipiwi hata shilingi.

Somo hili linaeleza vitabu hivyo vilipo, namna ya kuvitafuta bila kumaliza bando, na jambo moja ambalo kila msomaji wa vitabu vya bure anapaswa kulijua kabla ya kuyaamini anayoyasoma.

Kwa nini vitabu vingine ni vya bure kihalali

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kitabu hulindwa nchini Kenya kwa muda wote wa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Muda huo ukiisha, kitabu huwa mali ya umma: kinaweza kusomwa, kunakiliwa, kuchapwa na kugawiwa bila ruhusa ya mtu.

Mfano mzuri ni wa hapa nyumbani. Mwaka 1900, A. C. Hollis, ofisa wa utawala wa Kiingereza, alichapisha makala iitwayo "Notes on the History of Vumba, East Africa". Makala hiyo inahusu historia ya Vumba na watawala wake walioitwa Madiwani. Hollis alifariki mwaka 1961. Kwa hesabu ya sheria ya Kenya, kazi zake zimekuwa huru tangu Januari 2012. Uingereza, ambako ulinzi ni wa miaka 70 baada ya kifo, bado hazijawa huru. Marekani nako, kazi za miaka hiyo huhesabiwa miaka 95 tangu kuchapishwa, kwa hivyo makala ya 1900 ni huru zamani. Ndiyo sababu kitabu kimoja kinaweza kufunguka kwenye tovuti moja na kukataa kwenye nyingine.

Kundi la pili la vitabu vya bure ni vipya. Waandishi na mashirika ya uchapishaji huamua wenyewe kuvitoa kwa leseni huria, ili msomaji yeyote avipakue bila malipo.

Milango ya kuanzia

*Internet Archive (archive.org).* Maktaba hii ya mtandaoni ilianzishwa Marekani mwaka 1996. Hapa ndipo penye hazina kubwa zaidi ya vitabu vya zamani vya pwani yetu. Msomaji atakuta kitabu cha safari cha J. L. Krapf cha mwaka 1860 na kamusi yake ya Kiswahili ya 1882. Kitabu cha Richard Burton kuhusu Zanzibar na pwani (1872). Cha Charles New, mmishonari wa Ribe (1873). Na mkusanyo wa methali za Kiswahili wa W. E. Taylor (1891). Anayependa kusoma kwa Kiswahili atafute "Desturi za Wasuaheli" (1903), kilichotokana kwa sehemu kubwa na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo.

*Project Gutenberg (gutenberg.org).* Mradi huu ulianza mwaka 1971 na sasa una vitabu zaidi ya 70,000. Vya pwani ya Kenya ni vichache, lakini kwa historia ya dunia ni ghala. Mwanafunzi aliyetembelea mapango ya Shimoni na kusikia habari za utumwa anaweza kuendelea na maisha ya Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Marekani na kuyaandika mwenyewe mwaka 1845. Kitabu hicho kipo humo bure.

*JSTOR (jstor.org).* Hapa kuna makala za majarida ya kitaaluma. Mtu asiye na chuo anaweza kujisajili kwa barua pepe na kusoma makala hadi 100 kwa mwezi bila malipo, akiwa mtandaoni.

*DOAB na OpenEdition.* DOAB (doabooks.org) ni orodha ya vitabu vya kitaaluma vilivyotolewa huria. OpenEdition Books ina vitabu vya Africae, ambako Taasisi ya Ufaransa ya Utafiti Afrika (IFRA) iliyoko Nairobi huchapisha. Kimojawapo ni "Kenya in Motion 2000-2020", kilichotoka mwaka 2021.

*Kenya Law (kenyalaw.org).* Sheria za nchi na matoleo ya Gazeti Rasmi la Serikali husomwa hapa bure. Anayefuatilia historia ya ardhi ya pwani asiishie hapo. Atafute pia ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano (TJRC) ya mwaka 2013, hasa juzuu ya 2B yenye sura kuhusu ardhi.

Kutafuta kwa majina ya zamani

Wengi huandika "historia ya Funzi" kwenye kisanduku cha kutafutia, hupata picha za hoteli, na kukata tamaa. Vitabu vipo, ila waandishi wa zamani waliandika majina kwa namna yao. Wasini huandikwa Wasin au Wassin, Vanga huwa Wanga, Gazi huwa Gasi, na Kiswahili huwa Suahili. Wadigo mara nyingi wamewekwa ndani ya jina "Wanika", jina la dharau ambalo Wamijikenda hawalitumii, lakini bila kuliandika baadhi ya kurasa hizo hazitapatikana.

Funzi yenyewe haina kitabu chake katika maktaba hizo. Habari zake hutafutwa chini ya Vumba, Shirazi, Wasini, na lahaja ya Chifundi.

Jambo lingine linalowakwamisha watu ni makala kufichwa ndani ya juzuu. Makala ya Hollis haitaonekana kila mara kwa jina lake. Imo katika juzuu ya 30 ya Journal of the Anthropological Institute ya mwaka 1900, kuanzia ukurasa wa 275. Anayetafuta jina la jarida, juzuu na mwaka hufika haraka kuliko anayetafuta jina la makala.

Kulinda bando

Kitabu kimoja huweza kupatikana kwa namna mbili. Faili ya EPUB ni maandishi matupu. Mara nyingi haizidi MB 1 au 2, na herufi zake hukuzwa kwa urahisi kwenye simu ndogo. Faili ya PDF ya kitabu cha zamani ni picha za kurasa, na inaweza kufika MB 50 au zaidi. Kwa hivyo:

- Chagua EPUB kwanza. Kwenye Internet Archive, EPUB nyingi zimetengenezwa na mashine na zina makosa ya herufi, hasa kwenye majina ya Kiswahili. Jina likionekana la ajabu, lilinganishwe na picha ya ukurasa.
- Ikiwa kinachohitajika ni kurasa 20 tu, zisomwe mtandaoni bila kupakua juzuu nzima.
- Faili kubwa zipakuliwe penye wifi, shuleni au kwenye maktaba, kisha zihifadhiwe kwenye memori kadi.
- Programu ya kusomea kama ReadEra ni ya bure kwa simu za Android na hufungua EPUB na PDF bila intaneti.

Kitabu ambacho ni mali ya umma kinaweza kutumwa kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu. Mwalimu mmoja akipakua mara moja, darasa zima linasoma.

Cha bure ni cha zamani, na cha zamani kina mwenyewe

Hapa ndipo msomaji anapotakiwa kuwa macho. Vitabu vingi vya bure ni vya bure kwa sababu vimezeeka. Na waliovichapa wakati ule walikuwa zaidi wamishonari, wapelelezi na maofisa wa ukoloni. Anayesoma vya bure pekee anaweza kujikuta anaijua pwani yake kwa macho ya mgeni aliyepita siku tatu akiwa na homa.

Suala la Washirazi linaonyesha hatari hiyo. Kwa muda mrefu vitabu vya Wazungu vilisimulia miji ya Waswahili kana kwamba ilijengwa na wageni kutoka Uajemi na Uarabuni, na Mwafrika alikuwa mtumishi tu. Watafiti wa baadaye walilipinga wazo hilo kwa ushahidi wa lugha na wa machimbo ya kale. Kisha, mwezi Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale. Wengi walizikwa katika miji ya pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa, kati ya mwaka 1250 na 1800. Katika wengi wao, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama. Upande wa akina baba ulionyesha wanaume wa Uajemi kwa wingi, na mchanganyiko huo ulianza kufikia mwaka 1000 hivi.

Kwa maneno mengine, wazee waliosimulia habari za Shirazi hawakuwa wakibuni, na wakoloni waliomfuta Mwafrika katika hadithi hiyo walikosea. Makala hiyo ya Nature nayo ni ya bure. Lakini haikuchunguza makaburi ya Kwale, kwa hivyo isichukuliwe kuwa imemaliza habari za Funzi au Vumba.

Kanuni nyepesi ni hii: kwa kila kitabu kimoja cha zamani, asomwe mwandishi mmoja wa karibuni, na aulizwe mzee mmoja. Yanayogongana kati ya watatu hao ndiyo yanayofaa kuandikwa daftarini.

Wakati wa kulipa, na namna ya kulipa kidogo

Vitabu vingine muhimu bado viko chini ya hakimiliki. Mfano ni "The Swahili" cha Derek Nurse na Thomas Spear (1985), na "Mombasa, the Swahili, and the Making of the Mijikenda" cha Justin Willis (1993). Upo pia utafiti wa H. E. Lambert kuhusu Chifundi, lahaja ya Funzi na vijiji jirani, uliochapishwa Kampala mwaka 1958.

Kabla ya kununua, ziulizwe maktaba: ya umma, ya chuo kilicho karibu, au ya mtandaoni. Internet Archive huazimisha baadhi ya vitabu kwa saa moja moja. Hata hivyo, baada ya kushtakiwa na kampuni za uchapishaji na kushindwa mahakamani mwaka 2023, iliondoa zaidi ya vitabu 500,000 kwenye uazimaji. Kitabu kilichoazimwa juzi kinaweza kisipatikane leo, na hilo si kosa la simu.

Ikibidi kununua, bei ilinganishwe katika maduka mawili au matatu, kwani bei ya kitabu cha kidijitali hupanda na kushuka ndani ya wiki moja. Toleo la zamani mara nyingi huwa rahisi kuliko jipya. Muhimu zaidi, msomaji asilipie kitabu ambacho ni mali ya umma. Maduka ya mtandaoni yamejaa nakala za Burton na Krapf zinazouzwa kwa dola, ilhali faili hiyo hiyo iko bure.

Tahadhari

Tovuti inayoahidi "kila kitabu bure" kisha ikaomba namba ya kadi, PIN ya M-Pesa au kuweka programu ngeni kwenye simu, ifungwe mara moja. Maktaba halali haihitaji PIN. Vitabu vipya vinavyogawiwa kwa wizi huwaumiza waandishi, wakiwemo wa hapa pwani, na mara nyingi hubeba virusi.

Zoezi la wiki hii

Vikundi vya vijana, walimu na wazazi wanaweza kuanza kwa hatua nne:

1. Fungua akaunti ya bure ya Internet Archive na ya JSTOR kwa barua pepe moja.
2. Tafuta juzuu ya 30 ya jarida lililotajwa hapo juu na usome makala ya Hollis kuhusu Vumba.
3. Andika majina ya mahali na watawala yanayotajwa humo, na tahajia zake.
4. Mpelekee mzee wa kijiji orodha hiyo. Andika anayoyakubali, anayoyakataa, na yale ambayo Hollis hakuyauliza.

Yaliyoandikwa katika hatua ya nne hayapo kwenye tovuti yoyote. Yahifadhiwe shuleni kwa nakala mbili, yakiwa na jina la msimulizi kwa idhini yake, pamoja na tarehe.