Mbiu ya Mgambo Ikilia, Ina Jambo
Somo: Vimulimuli na ving'ora vya magari



Wazee wetu walisema: Mbiu ya mgambo ikilia, ina jambo. Zamani mgambo ulikuwa ni wito. Mpiga mbiu alipuliza pembe, watu wakaacha majembe yao wakaenda kusikiliza. Leo tunawaita mgambo pia askari wetu wa kijiji na wa halmashauri. Na pembe nayo imehama. Siku hizi inalia juu ya gari, tunaiita king'ora. Taa inayowaka na kuzima juu ya gari hilo tunaiita kimulimuli, kama yule mdudu anayewaka usiku.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu. Kwanza, gari lenye kimulimuli na king'ora linatuambia nini. Pili, sisi tufanye nini. Tatu, kwa nini mbiu hiyo isipigwe ovyo.

Somo hili linatuhusu sana sisi wa Handeni na Korogwe. Barabara kuu ya kutoka Chalinze hupita Mkata mpaka Segera. Pale hugawanyika: moja huenda Tanga, nyingine huenda Korogwe, Mombo na Moshi. Tena tunayo lami ya kutoka Korogwe mpaka Handeni, kilometa 65, na ya kutoka Handeni mpaka Mkata, kilometa 54. Lami imetuletea faida nyingi. Lakini imeleta na mwendo wa kasi.

SOMA NAMBA YA GARI

Wewe sasa unajua kusoma. Basi soma namba ya gari. Gari la polisi lina herufi PT. Gari la shirika la umma lina SU. Gari la halmashauri lina SM, maana yake Serikali za Mitaa. Huku kwetu halmashauri ziko nne: Mji Handeni, Wilaya ya Handeni, Mji Korogwe na Wilaya ya Korogwe.

Lakini angalia. Magari ya SM hayafanyi kazi moja. Moja linabeba wagonjwa. Jingine linabeba askari wa wanyamapori au mgambo wa doria. Jingine linampeleka ofisa mkutanoni. Herufi ni moja, kazi ni mbalimbali. Kwa hiyo herufi SM peke yake, au jina la halmashauri mlangoni, haliligeuzi gari kuwa la dharura. Magari ya dharura tunayoyajua wote ni ya polisi, ya zimamoto na ya wagonjwa. Gari jingine likitaka kufunga vitu hivi ni lazima liwe na ruhusa ya kisheria.

Jambo hili linatawaliwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Ni kweli halmashauri ya wilaya inaweza kutunga sheria ndogo, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Lakini sheria ndogo haiwezi kupingana na sheria iliyotungwa na Bunge. Mtoto hamwamrishi baba.

KING'ORA KINAOMBA NJIA

Ukisikia king'ora, usishtuke ukakimbia hovyo. Fanya hivi:

1. Kama unatembea, toka barabarani. Mshike mtoto mkono. Usivuke mpaka gari lipite.

2. Kama unaendesha baiskeli, pikipiki au gari, punguza mwendo, sogea kushoto, simama mahali salama.

3. Kama unachunga, ondoa ng'ombe wote barabarani. Usiwagawe, nusu huku na nusu kule. Ng'ombe atataka kumfuata mwenzake.

4. Gari likishapita, ngoja kidogo. Huenda jingine linafuata nyuma yake.

5. Wewe wa bodaboda, usilifuate nyuma ili nawe upate njia. Njia hiyo hukupewa wewe.

Na dereva wa gari lenye king'ora naye ana wajibu wake. King'ora si breki. Kinaomba njia tu. Kama mzee hasikii vizuri, au kijana wa bodaboda amevaa kofia ngumu na upepo unavuma masikioni, ombi halijafika. Dereva asiseme, "Mimi nilipiga king'ora." Aangalie kwanza kama njia imetolewa.

TUPIGE HESABU

Gari linakwenda kilometa 80 kwa saa. Kilometa 80 ni meta 80,000. Saa moja ina sekunde 3,600. Gawanya 80,000 kwa 3,600. Jibu ni meta 22 na kidogo kwa kila sekunde moja.

Tuseme dereva amekuona ghafla usiku. Mpaka afikiri, mpaka mguu ufike kwenye breki, sekunde 2 zimepita. Gari limekwisha kwenda meta 44, na breki ndiyo kwanza inaanza kushika! Kama ni lori lenye mzigo, bado lina safari ndefu kabla ya kusimama.

GARI LILILOSIMAMA NA TAA INAWAKA

Hesabu hiyo si ya darasani tu. Mwezi wa Januari mwaka 2025, huko Segera, wilayani Handeni, ilitokea ajali usiku. Watu walikusanyika barabarani kwenye ajali ile. Lori likaja likawagonga. Watu 11 walipoteza maisha, na wengine waliumia.

Ndugu zetu wale tunawakumbuka kwa heshima, na tunajifunza. Ukiona kimulimuli kimesimama mahali pamoja, kinasema: "Hapa pana hatari, punguza mwendo." Kama hakuna gari lenye kimulimuli, sisi wenyewe tuwe mbiu. Weka pembetatu nyekundu, au matawi ya miti, hatua 100 nyuma ya ajali na hatua 100 mbele yake. Mtu mmoja mwenye tochi asimame pembeni aonye magari. Wachache wasaidie majeruhi. Wengine wote watoke kwenye lami, wakae mbali. Kutazama si kusaidia.

Ni hivyo hivyo askari wa wanyamapori wanapofukuza tembo mashambani usiku. Ukiona taa za gari lao, usiende kushangaa. Mwache tembo apate njia ya kurudi porini.

Piga simu upesi: polisi 112, zimamoto na uokoaji 114. Kwa mama mjamzito au mtoto mchanga aliye hatarini, piga 115.

MBIU ISIYO NA JAMBO

Sasa tufikiri pamoja. Tuseme gari la doria linapita kijijini kila siku na king'ora. Leo linawahi mkutano. Kesho linawahi chakula cha mchana. Siku ya kwanza watu watapisha. Siku ya kumi watasema, "Aa, ni wale wale." Siku ya kumi na moja inatoka Handeni gari la wagonjwa, linamkimbiza mama anayevuja damu kwenye hospitali ya Korogwe. Linalia, hakuna anayepisha. Hapo nani amemchelewesha mama yule?

Ndiyo maana king'ora kinachopigwa ovyo si kosa dogo. Kinaua masikio ya watu.

Basi tufanyeje? Tusirushe mawe wala matusi. Andika namba ya gari, tarehe, saa na mahali. Ipeleke karatasi hiyo kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi. Tena mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Uliza pale, mbele ya wote, kwa adabu: "Gari hili lina ruhusa ya king'ora? Linakitumia kwa kazi gani?" Kuuliza ni haki yako.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Herufi SM kwenye namba ya gari maana yake nini?

2. Gari linakwenda kilometa 90 kwa saa. Kwa sekunde 2 linakwenda meta ngapi?

3. Usiku huu ikitokea ajali karibu na kijiji chenu, nani ataleta tochi? Nani atakata matawi? Nani atapiga simu? Taja majina yao leo, msingoje ajali.