Kunasa mwendo wa mhusika bila studio

Studio kubwa humvika mwigizaji suti yenye alama ndogo zinazoakisi mwanga, kisha kamera nyingi zikazifuata alama hizo chumba kizima. Mtengeneza katuni anayejitegemea haiwezi bei ya vifaa hivyo, wala havihitaji tena. MediaPipe ya Google hutambua alama 33 za mwili kwenye video ya kawaida, kuanzia pua hadi ncha za miguu. FreeMoCap, programu ya bure, huutumia utambuzi huo kutengeneza mifupa inayofunguka ndani ya Blender, programu ya kutengeneza katuni, nayo ya bure pia.

Kabla ya kugusa kompyuta, tayarisha chumba. Programu hizi hukisia goti au kiwiko kilipo kutokana na zinachokiona, hivyo ukizificha kitu zitakibuni. Kanzu, dera au khanga iliyofungwa kiunoni huficha nyonga na magoti, na mifupa hutoka inatetemeka. Vaa nguo za kubana zenye rangi tofauti na ukuta. Kama mhusika wako ni bibi aliyejifunga khanga, funga utepe uliolegea kidogo kati ya magoti yako ili hatua ziwe fupi kama zake. Khanga yenyewe utamvisha baadaye kwenye Blender.

Mwanga wa mchana kutoka mlangoni unatosha. Ukirekodi kwa taa, kumbuka kwamba umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Weka shata kwenye 1/100 na michirizi itapungua.

Kamera moja haijui vizuri kitu kiko mbali kiasi gani. Mkono ukinyooka kuielekea, umbali wake unakuwa wa kubahatisha. Tumia mbili au tatu, zikutazame kutoka pembe tofauti. Chapisha ubao wa miraba myeusi na myeupe ambao FreeMoCap inautumia kupima mahali kamera zilipo, ubandike kwenye kitu kigumu kilichonyooka, uupitishe mbele ya kamera zote, na baada ya hapo asiziguse mtu. Ukitumia simu, ziwe na kasi moja ya fremu. Gonganisha viganja mara moja mwanzoni, kisha kata video zote kwa kufuata tukio hilo mpaka idadi ya fremu iwe sawa.

Kutembea na kukimbia usijisumbue kurekodi. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani kimeweka maktaba kubwa ya miendo ambayo unaruhusiwa kuitumia bure, hata kwenye filamu ya kuuza. Nguvu zako ziweke kwenye miendo ambayo ni vigumu kuipata kwenye maktaba kama hiyo: kutwanga, kupepeta, kukuna nazi juu ya mbuzi, kujitwika ndoo. Hapa ndipo kamera zako za bei nafuu zinapokuwa na thamani kuliko studio ya mbali. Na hapa usidanganye uzito. Anayetwanga kwa ufito mwepesi husogeza mikono tu. Mwenye mchi wa kweli hushuka nyonga, mgongo ukafuata, visigino vikajibu. Ndoo iwe na maji. Kwa kupepeta, ungo huficha viganja, kwa hiyo shika pete ya waya yenye upana ule ule.

Mifupa ikishaingia Blender, anza na miguu. Karibu kila mara itateleza sakafuni, na mtazamaji huliona hilo kabla ya lolote jingine. Tafuta fremu ambayo unyayo unatua na ile unapoinuka, uufunge mahali pamoja katikati ya hizo. Halafu lainisha mitetemo, lakini sehemu kwa sehemu: mgongo na kichwa vinavumilia, mikono haivumilii. Ukiilainisha mikono inayotwanga, mchi utagusa kinu kama unaogopa kukiumiza. Fremu za kishindo ziache zilivyo.

Vidole na uso vichore kwa mkono. Ni haraka kuliko kusafisha data mbovu.

Mwisho, cheza katuni sambamba na video uliyorekodi. Mwendo halisi ukihamia kwa mhusika mwenye kichwa kikubwa na miguu mifupi mara nyingi huonekana mlegevu, hata kama ni sahihi kabisa. Mwongezee: mchi ukae juu fremu mbili tatu zaidi, kisha ushuke kwa fremu chache kuliko ulivyoshuka kwako.