Ukikatazwa ngano, anzia mashineni

Mgonjwa wa seliaki akishapata majibu yake, ushauri wa haraka anaopewa ni kuagiza unga maalumu na biskuti maalumu kutoka supamaketi za Dar es Salaam. Kwa mkazi wa Njombe au Makambako, hiyo ni hela ya kutupa. Mahindi, viazi mviringo, maharage, mchele, mihogo, ulezi, mtama, ndizi, parachichi, mayai, maziwa na nyama havina gluteni. Kazi iliyopo ni kuvilinda visikutane na ngano njiani, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Mwenye seliaki akiila, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo mwembamba, na chakula hakinyonywi sawasawa. Wengine huharisha na kujaa gesi. Wengine hawaumwi tumbo kabisa, ila wana upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma, au mtoto haongezeki uzito. Dawa hakuna, tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliligundua hilo kwa kuwafuatilia wagonjwa wake: mkate ulipoadimika kwenye njaa ya 1944 hadi 1945 walipata nafuu, uliporudi mezani wakaugua tena.

Ila usikimbilie kumwondolea mtoto ngano kwa kuhisi tu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta takribani nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Njombe wamedumaa, na seliaki haiwezi kueleza idadi hiyo. Kinachohitajika ni kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili, na mara nyingi kamera ya tumboni ili kuchukua kinyama kidogo cha utumbo. Ulizia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kama kipimo kinafanyika hapo au utapewa rufaa ya kwenda Mbeya au Muhimbili. Na endelea kula ngano mpaka vipimo viishe: ukiacha mapema, majibu yanaweza kuonyesha huna ugonjwa ilhali unao.

Sasa mashineni. Simama pembeni ya mashine ya kusaga siku yenye watu wengi. Ndoo zimepanga foleni: ya kwanza mahindi ya dona, ya pili mahindi yaliyokobolewa, ya tatu mchanganyiko wa unga wa lishe wenye ngano ndani. Ya nne ni yako. Ngano ya ndoo ya tatu haijaondoka yote. Imebaki kwenye chekeche la ndani, kwenye kuta za mashine, na kwenye mfuko wa kitambaa unaoning'inia pale unga unapotokea, ule ambao kijana wa mashine huukung'uta kwa kiganja ili usipoteze unga wa mteja. Anakufanyia hisani, lakini anakukung'utia na ngano ya mwenzako.

Huenda ukasema vumbi hilo ni dogo mno. Watafiti waliwapa wagonjwa miligramu 50 za gluteni kila siku kwa miezi 3, na utumbo wao ukaonyesha madhara. Kipande kimoja cha mkate kina gramu 2 hivi za gluteni, yaani mara 40 ya kiasi hicho.

Kwa hiyo tafuta mashine inayosaga mahindi peke yake, hata kama ni ya mtaa wa pili. Ukikosa, zungumza na mwenye mashine waziwazi kwamba huu ni ugonjwa, usije ukaonekana unaringa. Ingia baada ya mteja mwenye magunia ya mahindi, siyo baada ya unga wa lishe. Kilo mbili tatu za kwanza zitoe kwa kuku. Nenda na mfuko wako safi, na usage unga wa muda mrefu kwa mara moja ili usirudie hatari hiyo kila wiki. Ulezi ndio mgumu zaidi, maana husagwa kidogo kidogo na mara nyingi pamoja na nafaka nyingine. Ndugu wawili watatu wakichanga, mashine ndogo ya mkono ya nyumbani inamaliza tatizo.

Unga wa lishe wenyewe unahitaji neno lake, kwa sababu ndio kitu cha kwanza ndugu humletea mgonjwa aliyekonda. Wengi huchanganya ngano humo pamoja na mahindi, ulezi, soya na karanga. Kumkatalia shangazi unga aliouandaa kwa mapenzi ni kazi kweli. Mwambie: "Shangazi, niletee ulezi wenyewe, kusaga nitasaga mimi." Hapo heshima imebaki na tumbo limepona.

Stendi ya Makambako, mabasi yanaposimama kabla ya kushika barabara ya Songea au Mbeya, chagua kilichofungwa na maumbile: yai la kuchemsha lenye ganda, ndizi, parachichi, muhindi wa kuchoma. Samaki wa kukaanga wengi wamepakwa unga wa ngano ili wasishike kikaango. Kachori mara nyingi huchovywa kwenye uji wa ngano. Vitumbua ni vya mchele, ila wapo wanaochanganya ngano. Kwa chipsi, usiulize kama zina ngano, utaambiwa hazina, na ni kweli. Uliza: "Mafuta haya leo umekaangia nini kingine?" Yakiwa yamepita sambusa au maandazi, acha.

Dukani, soma orodha ya viambato kila mara, hata kwa bidhaa uliyoizoea. Lebo nyingi ni za Kiingereza, basi kariri maneno manne: wheat, barley, rye na malt. Milo na Ovaltine zina kimea cha shayiri. Sosi ya soya kwa kawaida huwa na ngano. Soseji, supu za pakiti na viungo vya mchuzi vya pakiti navyo vikague. Tangazo kwamba bidhaa haina ngano halitoshi, shayiri inaweza kuwemo. Alama ya kutokuwa na gluteni, kwa kiwango cha kimataifa cha Codex, ina maana gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo.

Bia nyingi za chupa ni za shayiri. Ulanzi ni utomvu wa mianzi, hauna gluteni. Kwa komoni, muulize mpishi wa pombe kimea chake ni cha nini.

Kanisani nako kuna ngano. Kwa Wakatoliki, Vatican ilikumbusha mwaka 2017 kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Misa, ila yenye gluteni kidogo inaruhusiwa. Muumini anaweza pia kupokea komunyo kwa divai pekee. Ongea na paroko mapema, na uombe kikombe ambacho hakijatiwa kipande cha hostia. Mlutheri naye azungumze na mchungaji wake.

Nyumbani, toa mwiko mpya, chekeche jipya na ubao mpya kwa mgonjwa, maana mbao na nyavu hushika unga. Wengine wakitaka chapati, chakula cha mgonjwa kipikwe kwanza.

Mwisho, familia. Mzazi, mtoto, kaka au dada wa damu wa mgonjwa ana uwezekano wa karibu 1 kati ya 10 kuwa na seliaki pia, hata kama haoni dalili. Wapeleke wapimwe sasa, wakiwa bado wanakula ngano.